Kiwira, Mbeya, Ngaka au Mchuchuma: ni ahadi ipi ya umeme wa makaa ya mawe uipangie maisha yako?

Mpwa wangu anafundisha sekondari hapa Mbeya. Jumamosi moja alikuja nyumbani Uyole, akanipa shikamoo, na kabla chai haijamiminwa akatoa daftari lenye mahesabu. SACCOS yao imempitishia mkopo. Anataka kujenga vyumba sita vya kupangisha karibu na makaa ya mawe, kwa sababu kila anayekutana naye anamwambia kwamba huko patajengwa kituo cha kufua umeme, wataalamu watakuja na wapangaji watagombea vyumba. "Ila mjomba," akasema, "naona sehemu ziko nne. Kuna Kiwira, kuna ule mradi wa Mbeya, kuna Ngaka, kuna Mchuchuma. Nikajenge wapi?"

Nilimwomba wiki mbili. Sikutaka kumjibu haraka kwa sababu ukoo wetu umeshaumia kwa jibu la haraka. Baba yangu mdogo alikuwa na ekari tano za kahawa. Kampuni moja ikaja na mashine ya kuchoronga miamba, ikapima, ikasimika vigingi, ikatangaza kituo cha umeme. Mibuni yake ilikuwa imezeeka, ulikuwa wakati wa kung'oa na kupanda mipya. Hakupanda, kwa kuwa aliambiwa kitakachopandwa baada ya vigingi hakitahesabiwa kwenye fidia. Badala yake akakopa, akajenga vyumba vinne vya wageni. Wachorongaji wakalala humo miezi miwili, wakaondoka. Miaka saba baadaye vigingi vimeliwa na mchwa, mibuni haizai, na deni bado lipo. Kwa hiyo ninapolinganisha ahadi hizi nne ninamwona yeye ameketi barazani.

Ninamwandikia mpwa wangu, lakini pia mwenye shamba lililo ndani ya eneo la leseni, kijana anayetaka kununua tipa, na mwenyekiti wa kijiji atakayeletewa wageni wenye makoti ya kuakisi mwanga kesho kutwa.

Mgodi na kituo cha umeme ni biashara mbili

Kampuni huzitaja pamoja nasi tunazisikia kama jambo moja. Mgodi unahitaji leseni, mitambo ya kuchimba, barabara, na wateja wenye matanuri: viwanda vya saruji, karatasi, vigae, chai. Ukipata wateja wachache unaanza. Lori la kwanza likishapita kwenye mzani, fedha imeingia.

Kituo cha umeme kina safari nyingine kabisa. Megawati 300 zinagharimu mamia ya mamilioni ya dola kabla taa moja haijawaka, na fedha hiyo haitoki mfukoni mwa kampuni ya kuchimba. Inatoka benki. Benki haiangalii makaa yaliyo ardhini. Inaangalia mkataba wa kuuziana umeme, wa miaka 20 au zaidi, unaosema nani atanunua kila uniti na kwa bei gani. Hapa kwetu mnunuzi mkubwa wa umeme wa jumla ni mmoja, TANESCO. Asipotia saini, hakuna benki. Na hata akitia saini, lazima pawepo njia ya msongo mkubwa ya kuutoa umeme kijijini na kuufikisha kwenye gridi ya Taifa.

Kwa nini basi kila kampuni inayokuta makaa mengi huku kwetu huanza kuzungumzia kituo cha umeme? Kwa sababu makaa ni mazito na bei yake kwa tani ni ndogo. Kituo cha megawati 300 kikifanya kazi kwa robo tatu ya uwezo wake kinakula takribani tani milioni 1 kwa mwaka, kutegemea ubora wa makaa. Semi-trela moja inabeba kama tani 30. Hizo ni safari zaidi ya 33,000, yaani malori kama 90 kila siku, Krismasi na Idi zikiwemo. Ukiyachoma makaa palepale mgodini na kusafirisha umeme kwa waya, malori hayo yote hayahitajiki. Hoja hiyo ni nzuri na siidharau. Nchi iliyopata mgawo mkali wa umeme mwaka 2006 na tena 2011 kwa sababu mabwawa yalikauka ina haki ya kutamani umeme usiosubiri mvua.

Kwenye daftari la mpwa wangu kulikuwa na safu ya "tani zilizopo". Niliikata, nikachora safu tatu mpya: nani ananunua, njia ya umeme iko wapi, benki imekubali au haijakubali. Ukizijaza hizo tatu kwa miradi yote minne, picha inabadilika.

Kiwira: mkongwe aliyewahi kuwasha taa

Nianze na onyo la mwenye kununua kiwanja. Kiwira mji, pale ndizi zinapopakiwa kandokando ya barabara ya Tukuyu, ni Rungwe. Mgodi wa Kiwira uko Ileje, mkoani Songwe, chini kuelekea Kyela. Anayekuuzia kiwanja kwa jina la Kiwira muulize ni Kiwira ipi.

Mgodi huu ulijengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1988. Ulikuwa wa chini ya ardhi, ukiwa na uwezo wa tani 150,000 kwa mwaka, pamoja na kituo kidogo cha umeme cha megawati 6. Megawati 6 ni kidogo, lakini kati ya miradi yote minne hapa pekee ndipo makaa ya nyanda za juu yaliwahi kugeuka umeme, yakaendesha mgodi wenyewe na ziada kuuzwa TANESCO. Wazee wa Ileje na Kyela waliofanya kazi humo wanajua boila ni nini na majivu yanakwenda wapi. Ujuzi huo huwezi kuuagiza kwa meli.

Katikati ya miaka ya 2000 mgodi ukabinafsishwa, na ahadi ikakua kutoka megawati 6 hadi 200. Mkataba wa kuuza umeme ukawepo. Kituo hakikujengwa. Uchimbaji wa chini ya ardhi ukasimama, wafanyakazi wakabaki na madai yao, na mwishowe mgodi ukarudi mikononi mwa umma chini ya STAMICO, Shirika la Madini la Taifa. Jambo hili linapaswa kumtuliza yeyote anayedhani mkataba wa TANESCO peke yake unatosha. Kiwira ilikuwa na mnunuzi, ikakosa fedha na usimamizi.

Tangu 2017 STAMICO inachimba kwa njia ya wazi katika kilima cha Kabulo, na makaa yanauzwa viwandani. Shirika hilo pia linatengeneza mkaa mbadala kwa ajili ya kupikia, uitwao Rafiki. Mimi naliona hili kuwa jambo kubwa kuliko linavyopewa sifa. Serikali ilipozitaka taasisi zenye watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa wa miti kufikia Januari 2024, shule na magereza zilihitaji nishati mbadala papo hapo. Tani chache za makaa zikigeuzwa kuwa mkaa wa jikoni zina mnunuzi leo, bila njia ya umeme na bila benki ya nje.

Mradi wa Mbeya: uliosomwa vizuri, ukakosa mnunuzi

Huu ndio unaowachanganya wengi, hata jina lake. Ulianza ukiitwa mradi wa Rukwa, ukabadilishwa ukaitwa wa Mbeya, na tangu mkoa wa Songwe ulipozaliwa mwaka 2016 makaa yenyewe yako Songwe. Mwenye mradi alikuwa Kibo Mining, baadaye Kibo Energy, kampuni iliyoorodheshwa kwenye masoko ya hisa ya London na Johannesburg. Iliushika mradi tangu 2012: mgodi, na kituo cha megawati 300 mlangoni pake.

Kwa upande wa makaratasi, sijaona mradi wa makaa huku kwetu uliokwenda mbali kwa mpangilio kama huu. Makaa yalikadiriwa kuwa tani milioni 120 na ushei. Kwa ulaji wa tani milioni 1 kwa mwaka, hata kama sehemu kubwa ya makaa hayo haichimbiki, bado yanatosha maisha ya kituo chochote. Mwaka 2015 kampuni ya China, SEPCO III, ilikubaliwa kuwa mjenzi. Februari 2018 TANESCO na Kibo zikatia saini hati ya makubaliano ya kuelekea mkataba wa umeme.

Halafu, mwaka mmoja baadaye, Februari 2019, kampuni ikaarifiwa kwamba haikufuzu kwenye zabuni ya TANESCO ya umeme wa makaa. Safu ya kwanza kwenye daftari ikabaki tupu. Kampuni ikatafuta njia nyingine za kuuza umeme wake, kisha ikageukia nishati ya taka na mafuta ya mimea.

Tuelewane kuhusu maneno, kwa sababu hapa ndipo watu wengi walipoingia gharama. Hati ya makubaliano si mkataba wa kuuziana umeme. Ni kama barua ya posa. Inasema tunazungumza, haisemi mahari imelipwa. Taarifa za kampuni iliyo kwenye soko la hisa huandikwa kwa ajili ya wenye hisa, na kila hatua ndogo hutangazwa kwa sababu kanuni za soko zinadai hivyo. Mwenye hisa wa London akisoma habari mbaya anaweza kuuza hisa siku hiyohiyo kwa bei yoyote atakayopata. Mwenye shamba wa Songwe hana pa kuuza vigingi. Tofauti hiyo inaniuma kila nikiifikiria.

Kwa mpwa wangu jibu la mradi huu lilikuwa fupi: usijenge.

Ngaka: umeme haupo, ila malori yapo

Ngaka iko wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma. Ni mbali na Mbeya, lakini makaa yake tunayaona kila siku kwa kuwa yamekuwa yakilisha matanuri ya saruji, ya hapa Mbeya na ya mbali zaidi. Kampuni ya Tancoal iliundwa kama ubia: Intra Energy ya Australia ikiwa na asilimia 70, na Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, asilimia 30. Uchimbaji ulianza 2011.

Nao walikuja na kituo cha umeme kwenye mipango: kwanza megawati 120, na maono ya kukikuza zaidi. Kilichojengwa ni mgodi. Lakini ona tofauti yao na mradi wa Mbeya. Hawakusubiri umeme ndipo wachimbe. Waliuza makaa kwa yeyote mwenye tanuri, ndani ya nchi na kwa majirani kama Rwanda, Kenya na Uganda. Agosti 2016 serikali ilipozuia makaa kutoka nje, viwanda vya saruji vililazimika kugeukia huku. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya dunia mwaka 2022, makaa ya Ruvuma yakaanza kupakiwa melini bandari ya Mtwara kwa wingi usiowahi kuonekana, na kampuni nyingine zikaingia kuchimba jirani. Bei ikashuka tena 2023, na waliokuwa wamekopa kununua malori kwa bei ya kilele walilala macho.

Mimi nakaa zaidi kwenye Ngaka kwa sababu inafundisha mengi kuliko mingine. Ukisimama Kitai, pale barabara ya Songea–Mbinga inapopokea njia ya mgodini, utaona uchumi wa makaa bila kuhadithiwa: mama lishe, mafundi wa matairi, nyumba za kulala madereva, wauza vocha, vijana wa turubai. Hakuna hata mmoja anayetegemea megawati. Wanategemea foleni. Na foleni unaweza kuihesabu kwa macho yako, jambo ambalo megawati za kwenye hotuba hazikuruhusu.

Ubaya wake nao unaonekana. Vumbi jeusi kwenye mabati na kwenye nguo zilizoanikwa, barabara zinazochoka kabla ya wakati, ajali, na ukimya unaoingia bei ya dunia ikianguka. Kituo cha umeme kingekuwa na mteja mmoja wa kudumu kwa miaka 20. Malori yana wateja wengi wasio na ahadi. Ukichagua Ngaka chagua ukijua kwamba mwaka mmoja utakuwa mnono na unaofuata mwembamba.

Kwa upande wa njia ya umeme, Ngaka leo ina nafasi nzuri kuliko ilivyokuwa mwanzo. Njia ya kilovoti 220 ya Makambako–Songea, yenye urefu wa kilomita 250 hivi, ilikamilika 2018. Kabla yake Songea ilikuwa ikiishi kwa jenereta za dizeli. Lakini njia hiyo ilijengwa kupeleka umeme Ruvuma, na kwa kuwa umeme sasa unafika, kituo cha makaa si cha lazima tena kama kilivyoonekana mwaka 2011. Njia iliyotakiwa kuusaidia mradi ndiyo iliyoupunguzia umuhimu.

Mchuchuma: ahadi kubwa kuliko zote, yenye sababu nzuri kuliko zote

Mwaka 2011, mwezi Septemba, NDC na kundi la Sichuan Hongda la China zilitia saini mkataba wa ubia wa mradi ulioko Ludewa, mkoa wa Njombe. Hongda asilimia 80, NDC asilimia 20, uwekezaji wa dola bilioni 3. Makaa ya Mchuchuma, tani milioni 428 kwa hesabu za serikali. Chuma cha Liganga jirani yake, tani milioni 126. Kituo cha megawati 600: 250 ziende kiwanda cha chuma, 350 ziingie gridi.

Soma tena mgawanyo huo. Kwenye safu ya "nani ananunua", huu ndio mradi pekee wenye mnunuzi wa pili ambaye si TANESCO. Chuma kinahitaji joto na umeme mwingi, na kinapatikana karibu na makaa yenyewe. Ndiyo maana nasema una sababu nzuri kuliko mingine. Kiwira, Mbeya na Ngaka walitaka kuuza umeme. Mchuchuma ilitaka kuutumia.

Hata hivyo mazungumzo yalikwama kwenye bei ya umeme na kwenye nafuu za kodi zilizoombwa. Mnunuzi wa pili aligeuka kuwa fundo la pili: chuma kisipoanza, umeme hauna pa kwenda, umeme usipoanza, chuma hakiyeyuki. Wakazi 1,142 wa maeneo ya mradi walianza kulipwa fidia mwaka 2023, jumla ya shilingi bilioni 15.4. Ilikuwa miaka 12 tangu mkataba. Njombe na Mufindi tunapima miaka kwa miti: mpaini uliopandwa mwaka wa mkataba ulikuwa umeshapunguzwa matawi mara kadhaa na unakaribia msumeno, wakati mwenye ardhi ya Nkomang'ombe au Mundindi ndiyo kwanza anafungua bahasha yake.

Kilichokuja kweli Ludewa ni barabara. Kipande cha kilomita 50 cha Lusitu–Mawengi kimejengwa kwa zege, kwenye milima na ukungu ule ambapo zamani basi lilikuwa likisukumwa. Viazi, mahindi na mbao vinapita hapo sasa. Reli ya Mtwara–Mbamba Bay yenye matawi ya kuelekea Mchuchuma na Liganga bado ni mpango.

Nilivyozijaza safu tatu

Mnunuzi. TANESCO ya 2011 ilikuwa na kiu. Ya leo imepata vinywaji vingine: bomba la gesi kutoka Mtwara limefika Dar es Salaam tangu 2015, vituo vya Kinyerezi vinafanya kazi, na Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 lilianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Mnunuzi mwenye maji na gesi hakimbilii makaa, isipokuwa kwa sababu maalumu kama ukame au kiwanda kikubwa jirani. Kwenye safu hii Mchuchuma inaongoza, Kiwira inafuata kwa kuwa mwenye mgodi na mnunuzi wote ni mashirika ya serikali moja, na wengine wako nyuma sana.

Njia ya umeme. Kiwira na Songwe zimekaa vizuri zaidi. Njia mpya ya kilovoti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, inayotuunganisha na Zambia, inaleta waya mkubwa jirani. Mchuchuma ndiyo iko mbali na imezungukwa na milima.

Benki. Hapa sitaficha kitu. Septemba 2021 China ilitangaza kwamba haitajenga vituo vipya vya umeme wa makaa nje ya nchi yake. Miradi yetu mitatu kati ya minne ilitegemea wajenzi au fedha za China kwa namna fulani. Kwa majirani zetu Kenya, kituo cha Lamu cha megawati 1,050 kilifutiwa leseni na mahakama ya mazingira Juni 2019, na Benki ya Maendeleo ya Afrika ikakataa kukigharimia. Safu hii kwenye daftari iko tupu kwa wote wanne, na ndiyo inayonifanya nimkatalie mpwa wangu kujenga chochote kwa jina la megawati.

Kuna waliokasirika niliposema hivi kanisani. Walisema nchi tajiri zilijitajirisha kwa makaa kisha zinatufungia mlango. Wanasema kweli, na hasira yao ni yangu pia. Lakini hasira haijengi vyumba sita wala hailipi rejesho la SACCOS la tarehe 30.

Kwa hiyo, wewe uchague nini?

Mwenye shamba ndani ya eneo la leseni: lima. Leseni ya utafutaji haikunyang'anyi shamba. Vigingi vya wachorongaji si uthamini wa fidia. Uthamini hufanywa na mthamini, kwa fomu unayoitia saini na kubaki na nakala yake. Sheria ya uthamini ya 2016 inasema fidia isipolipwa ndani ya miezi sita inadai riba, na uthamini usiolipwa kwa miaka miwili unakufa, unafanywa upya. Baba mdogo hakulijua hilo. Kama upo Rungwe au Njombe, parachichi la kubebesha linaanza kuzaa mwaka wa tatu. Kyela kakao ni mitatu hadi mitano. Hakuna hata mmoja wa miradi hii uliowahi kukamilika kwa muda huo, na mti wenye matunda unathaminiwa juu kuliko pori.

Mwenyekiti na wajumbe: mkutano mkuu wa kijiji ukiitwa, ombeni kuona mkataba wa kuuziana umeme wenyewe, si hati ya makubaliano. Ulizeni maji ya kupoza mitambo yatatoka mto gani na majivu yatalazwa wapi, maana Mto Kiwira na Ruhuhu yote inaishia Ziwa Nyasa na watu wanavua huko. Na msisubiri umeme ndipo mdai haki zenu kwenye makaa. Halmashauri ina ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo hata kama kampuni inauza makaa mabichi tu, na mpango wa kurudisha kwa jamii unatakiwa na sheria kila mwaka.

Mwenye kutaka tipa au semi-trela: Ruvuma. Usinunue mwaka bei ikiwa kileleni.

Kijana mwenye cheti cha umeme au mitambo: Kiwira. Mgodi ni wa umma, upo, unachimba, na siku moja kituo kikifufuliwa hata kwa megawati chache, utakuwa ndani.

Na mwalimu wangu mwenye mkopo. Nilimwambia Mchuchuma ndiyo ningeiombea, kwa sababu chuma chetu kikiyeyushwa Ludewa nchi hii itabadilika, na siogopi kulisema hilo. Lakini asijenge huko. Nilimwambia kama ni lazima vyumba, aviweke panapopita malori, vyumba viwili badala ya sita, kwa namna ambayo hata malori yakipungua mwalimu au nesi anaweza kupanga. Hakufurahi. Alikuwa ameshaona milango sita kwenye ndoto.

Juzi amenipigia. Shule zikifungwa anapanda basi hadi Songea, kisha Kitai. Atakaa siku saba kwa mama lishe mmoja aliyeelekezwa, akiwa na daftari lilelile, ahesabu malori yanayotoka mgodini yamejaa na madereva wanaolala. Mkopo ameuomba usubiri mpaka arudi.